Volos ilijengwa na reli, na wakimbizi, au na mlima? Jibu kwa mwanafunzi wa Tanga

"Shikamoo mwalimu. Nasoma shahada ya pili ya mipango miji na nimetakiwa nichague mji mmoja wa bandari wa Ulaya nieleze viwanda na biashara vilivyokua pale mwanzoni mwa karne ya 20. Nimechagua Volos ya Ugiriki. Sasa kila ninachosoma kinanichanganya. Mmoja anasema Volos ilikuwa kijiji cha wavuvi tu mpaka reli ikaja 1884, mwingine anasema viwanda vililetwa na wakimbizi wa 1922 kutoka Uturuki. Na mimi ni mzaliwa wa Tanga, msimamizi wangu kaniandikia pembeni kwa kalamu nyekundu: kwa nini Volos na si Tanga, wakati zote zina bandari na zote zilijengewa reli ya geji ya mita moja? Nimekwama wiki ya tatu hii, naogopa nimechagua mji nisiouelewa. Nianzie wapi?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza pumua. Hujakwama kwa sababu huelewi, umekwama kwa sababu umesoma vizuri ukagundua kwamba majibu mawili uliyopewa hayakai sahani moja, na hilo ni jambo jema kwa mtafiti. Shida ya majibu yote mawili ni kwamba yanaanza hadithi katikati. Anayesema reli anaanzia 1884, anayesema wakimbizi anaanzia 1922, na kila mmoja anaacha nje watu waliokuwepo kabla. Ngoja nikupeleke taratibu, afu mwishoni tutarudi kwenye ile kalamu nyekundu ya msimamizi wako maana swali lake ni zuri kuliko unavyodhani.

Tuanze na hicho "kijiji cha wavuvi". Hapana. Waosmani, yaani dola ya Kituruki iliyotawala huko wakati ule, walikuwa na ngome yao pale ufukweni, na pembeni ya ngome, upande wa mashariki, kuanzia kama miaka ya 1830 na 1840 hivi wafanyabiashara Wakristo wakaanza kujenga mji mpya kando ya bahari, watu wakauita Magazia, yaani maduka na maghala. Jina lenyewe linakwambia mji ulizaliwa kwa ajili ya nini. Mwaka 1881 Volos inaingia mikononi mwa Ugiriki ikiwa na watu kama 5,000. Ni mji mdogo, sikatai, lakini watu wake wanajua hesabu, wana maghala na wana jamaa zao ng'ambo.

Na hao watu walitoka wapi? Hapa ndo kiini chote, naomba ukishike. Siku utakayofika Volos simama gatini, geuka uipe bahari mgongo. Utaona mlima umekuangukia kabisa, Pelion, na vijiji vimening'inia juu yake, Portaria, Makrinitsa, Ano Volos, usiku taa zake kama zimetundikwa hewani. Mimi mara ya kwanza nilifika jioni nikadhani ni nyota. Sasa vijiji hivyo vya Pelion vilikuwa na hela kabla mji wa chini haujawa na kitu. Karne ya 18 watu wa mlimani walikuwa wanafuga viwavi vya hariri, wanasuka majoho mazito ya sufu, wanatengeneza ngozi, na wale wa Zagora upande wa pili wa mlima walikuwa na majahazi yao wenyewe wakiuza majoho hayo mbali huko. Baadaye mashine za Ulaya Magharibi zilipoanza kutoa nguo za bei rahisi, ufundi wa mkono ukadorora, vijana wakaondoka. Wengi sana walikwenda Misri, Alexandria na Cairo, kwenye pamba na tumbaku. Wakachuma. Na kama ilivyo kwa mtu yeyote aliyetoka kijijini akafanikiwa, wakatuma nyumbani: shule, makanisa, baadaye hospitali ya Volos yenyewe na ile makumbusho ya mambo ya kale iliyofunguliwa 1909 kwa pesa za Alexios Athanasakis, mtu wa Portaria.

Kwa hiyo nyanda ya Thessaly iliyoko nyuma ya mji ilipofunguka, mtaji, ujuzi na mawasiliano ya ng'ambo vilikuwa umbali wa saa moja au mbili za kuteremka na nyumbu. Mlima uliteremka baharini. Ndo maana mimi mtu akiniuliza Volos ilijengwa na nani namwambia anza na mlima.

Sasa kitu cha pili, mpaka. Mwaka 1881 Waosmani walikubali kuiachia Ugiriki jimbo la Thessaly karibu lote, na Novemba mwaka huo jeshi la Ugiriki likaingia Volos. Thessaly ni nyanda kubwa ya ngano, kwa Ugiriki yenye mawe na miinuko kila mahali hiyo ilikuwa kama ghala la chakula. Lakini angalia ramani: bandari kubwa ya kaskazini, Thessaloniki, ilibaki kwa Waosmani mpaka 1912. Yaani kwa miaka 30 nyanda nzima ya Thessaly ilikuwa na mlango mmoja tu mkubwa wa baharini ndani ya nchi yake, na mlango huo ni Volos. Hiyo sio sifa ya mji, ni bahati ya mpaka, na mwanafunzi wa mipango miji akikosa kuiona hiyo atabaki anaisifu "nafasi nzuri ya kijiografia" kana kwamba jiografia imekaa tu hapo milele. Ghuba ilikuwepo miaka elfu, mpaka ndo ulihama.

Halafu ndo reli. Mkataba ulitolewa haraka baada ya 1881, pesa akaleta benkia wa Constantinople (leo Istanbul), Theodoros Mavrogordatos, na mhandisi akawa Mwitaliano Evaristo de Chirico. Njia ya Volos mpaka Larissa, mji ulioko ndani ya nyanda, kama kilomita 60, ikafunguliwa 1884, na ile ndefu ya kwenda magharibi mpaka Kalambaka ikakamilika 1886. Geji, yaani upana kati ya vyuma viwili vya reli, ni mita moja, hapo msimamizi wako yuko sahihi, ni kipimo kile kile cha reli ya Tanga na Reli ya Kati walizojenga Wajerumani. Kwa nini mita moja? Kwa sababu ni rahisi: kona zinaweza kuwa kali zaidi, tuta jembamba, daraja dogo, injini nyepesi. Anayetaka kufika haraka kwenye mazao bila kumwaga hela nyingi anachagua hiyo.

(Kwa kupita tu: huyo mhandisi alizaa mtoto pale Volos 1888, Giorgio de Chirico, ndiye yule mchoraji maarufu wa viwanja vitupu vyenye vivuli virefu, na kule nyuma ya picha mara nyingi utaona treni inapita na moshi wake au bomba refu la kiwanda limesimama. Mtoto wa stesheni.)

Reli ya pili ya huyo huyo de Chirico ni ya mlimani, na ukiweza ipande. Hii ni nyembamba zaidi, sentimita 60 tu, kama zile reli ndogo za mashamba ya mkonge ambazo wewe mtu wa Tanga huenda umewahi kuona mabaki yake. Ilianza miaka ya 1890 kutoka Volos mpaka Lechonia, ikapita katikati ya barabara za mji kama tramu, na 1903 ikafika Milies juu mlimani, jumla kama kilomita 28. Karibu na Milies kuna daraja la chuma ambalo lenyewe limenyooka lakini reli zilizolazwa juu yake zimepinda, maana kona ililazimika kupita pale pale kwenye korongo. Nilisimama chini yake muda mrefu nikitazama. Unaona kabisa mtu aliyekuwa na bajeti ndogo na mlima mkubwa.

Sasa reli ilifanya nini na haikufanya nini. Ilishusha ngano bandarini kwa bei nafuu, hilo ni kweli. Ikapandisha makaa, chuma, sukari, nguo. Ikaleta karakana yake na mafundi wake. Lakini reli ya kushusha mazao haizai kiwanda peke yake ndugu yangu, ingekuwa hivyo Afrika nzima ingejaa viwanda. Reli inaweza vilevile kukunyonya, ikabeba ngano ghafi ikaiweka melini ikaondoka, mji ukabaki na wapagazi na makarani. Kilichofanya Volos isiishie hapo ni mambo mengine mawili matatu yaliyokutana na reli wakati huohuo.

La kwanza ni ushuru na sarafu. Serikali ya waziri mkuu Trikoupis ilipandisha ushuru wa forodha 1884, kwanza kabisa kwa sababu ilihitaji mapato, sio kwa sababu ya kupenda viwanda. Halafu 1893 Ugiriki ikafilisika, drakma ikaporomoka, bidhaa za nje zikawa ghali. Kwa mwananchi wa kawaida ilikuwa shida tupu. Lakini kwa fundi wa Volos anayetaka kutengeneza plau, ghafla plau ya kutoka nje ikawa ghali kuliko anayoweza kuisubu yeye. Ukuta ulijengwa bila mtu kukusudia kuujenga.

La pili ni mteja. Nyuma ya Volos kuna nyanda yenye maelfu ya wakulima, mashamba makubwa, mashine za kupura, visima, vinu. Fundi chuma anaanzaje kuwa mwenye kiwanda? Anaanza kwa kutengeneza kilichovunjika. Mtu analeta kipuli cha mashine ya Mwingereza kimevunjika, kusubiri kingine kutoka nje ni miezi, fundi anatengeneza kalibu ya mchanga, anamimina chuma, anakipa. Akifanya hivyo mara hamsini anaijua ile mashine kuliko aliyeiuza. Siku moja anatengeneza nzima. Viwanda vya chuma vya Volos kama Glavanis na Stamatopoulos vinatoka kwenye mazingira hayo: plau, pampu, mashine za shamba, vifaa vya vinu. Glavanis ikawa jina ambalo mkulima wa Thessaly analijua. Ukiandika sura ya viwanda usianze na mabomba ya moshi, anza na kipuli kilichovunjika.

La tatu, mwenye hela alikaa mjini. Mzee wa kiwanda anatoka Pelion, nyumba yake iko mtaa wa tatu kutoka kiwandani, anakopa kwenye benki ya mjini pale pale, kulikuwa na benki ya akina Kosmadopoulos mbali na matawi ya benki za Athens, na faida inarudi kwenye mashine nyingine au jengo jingine. Haina maana walikuwa watu wema, tutafika huko.

Hivyo vikakutana. Ngano inapita Volos, basi isagwe hapo hapo, vinu vya unga. Tumbaku ya mashariki inatoka mashambani, ichambuliwe na kufungwa sigara hapo, na hapo akina Matsangos, walioanza mwishoni mwa karne ya 19, wakawa moja ya majina makubwa ya sigara Ugiriki, jengo lao bado limesimama katikati ya mji. Pamba ya nyanda, isokotwe na kufumwa hapo, akina Papageorgiou na Mourtzoukos. Na karibu vyote vimekaa jirani na bahari au reli, kwa sababu ya jambo moja rahisi ambalo watu husahau: Ugiriki haikuwa na makaa ya mawe ya kutosha ya kuendeshea injini, yaliletwa kwa meli, mengi kutoka Uingereza, na kila mita unayobeba makaa ni hela. Ramani ya viwanda ni ramani ya uzito wa makaa. Mwaka 1907 mji una watu zaidi ya 23,000, mwaka 1920 kama 30,000. Kutoka 5,000! Na katikati hapo kulikuwa na vita ya 1897 ambapo Waosmani waliiteka tena Thessaly na kuikalia mpaka 1898, watu wengi wakakimbia na biashara ikasimama. Bado mji ukarudi.

Sasa naomba ukae na mimi kidogo kwenye watu waliofanya kazi, maana tasnifu nyingi za mipango miji huwa zinaruka hapa zikakimbilia majengo. Ndani ya viwanda vya nguo na kwenye kuchambua tumbaku wengi walikuwa wanawake na wasichana, na watoto. Jani la tumbaku linashikwa moja moja, linapangwa kwa ukubwa na rangi, chumba kimefungwa madirisha ili lisikauke, vumbi lake linaingia kifuani. Kifua kikuu kilikuwa ugonjwa wa wachambua tumbaku. Mwishoni mwa 1908 wafanyakazi wa Volos walianzisha Kituo cha Wafanyakazi, cha kwanza Ugiriki nzima, kikiunganisha vyama vya kazi mbalimbali chini ya paa moja. Sio Athens, sio Piraeus. Volos. Walikuwa na gazeti lao pia, linaitwa Ergatis, yaani Mfanyakazi.

Na mwaka huohuo 1908 mji ukafungua shule ya juu ya wasichana chini ya mwalimu kijana Alexandros Delmouzos, akafundisha kwa Kigiriki cha watu wanachoongea nyumbani badala ya kile cha vitabuni, akawatoa wasichana nje waone na kuuliza. Miaka mitatu tu. Askofu na wakubwa wengine wakaja juu, 1911 ikafungwa, na 1914 Delmouzos na wenzake, pamoja na watu wa Kituo cha Wafanyakazi, wakapandishwa kizimbani mji wa Nafplio kwa kosa la kueneza ukana Mungu. Waliachiwa huru. Nakueleza haya kwa sababu shule ile na kituo kile vilishtakiwa pamoja kana kwamba ni jambo moja, na kwa namna fulani waliowashtaki waliona sawasawa: mji uliowakusanya wasichana kiwandani ndio mji ulioanza kuuliza wasichana wafundishwe nini.

Na nyanda je? Pale 1881 wamiliki wa Kituruki walipoondoka waliuza mashamba makubwa kwa matajiri Wagiriki wa ng'ambo, na mkulima aliyekuwa analima kwa kugawana mavuno akajikuta na bwana mpya mwenye karatasi kali kuliko yule wa zamani. Machi 1910, kwenye stesheni ndogo ya Kileler, wakulima waliokuwa wanakwenda Larissa kwenye mkutano wa kudai ardhi walitaka kupanda treni bila tiketi. Wakakataliwa, wakapiga mawe mabehewa, askari wakafyatua risasi, watu wakafa. Treni hiyo ni ya reli hiihii ya Thessaly tunayoisifu hapa. Nenda kasimame Kileler pia, usiishie Volos.

Haya, wakimbizi. Ugiriki iliposhindwa vita Asia Ndogo 1922, zaidi ya watu milioni moja walikimbilia au kuhamishiwa Ugiriki, na Volos ilipokea zaidi ya 10,000. Kwanza walilala kwenye maghala ya tumbaku, makanisa, shule, popote penye paa. Halafu wakajengewa makazi ng'ambo ya korongo la Krafsidonas, leo ni Nea Ionia, vinyumba vidogo vimepangwa mistari mistari. Kwa hiyo, ni wao walioleta viwanda? Ukiangalia miaka unaona jibu: Matsangos, Glavanis, Papageorgiou, Mourtzoukos, Kituo cha Wafanyakazi, vyote vipo kabla yao. Walikuta mji wa viwanda. Lakini usije ukaenda upande wa pili ukaandika kwamba waliongeza mikono tu. Waliongeza mikono ya bei nafuu, ndiyo, na wenye viwanda walifaidika nayo. Waliongeza ujuzi: ndugu akina Etmektsoglou, wakimbizi, walijenga kiwanda cha hariri Nea Ionia ambacho bado unaweza kukiona. Na waliongeza mahitaji, maana mji ukiletewa watu elfu kumi na zaidi kwa mpigo wote wanahitaji kuta na paa.

Hapo ndo linaingia tanuri la matofali la Tsalapatas, 1926, na hili nataka ulione kwa macho yako kwa sababu leo ni makumbusho na kila kitu kimebaki mahali pake. Ndani kuna tanuri la aina ya Hoffmann. Ni kama pango refu lililojikunja likajiunga kichwa na mkia, limegawanywa vyumba. Unapanga matofali mabichi chumba hiki, moto uko chumba kile, na moto hauzimwi: unausogeza. Wafanyakazi wanatembea juu ya paa la tanuri, chini ya nyayo zao kuna matundu yenye vifuniko vya chuma, wanafunua wanamwaga makaa ya unga, wanafunika, wanahamia tundu linalofuata. Hewa inayoingia inapita kwanza kwenye matofali yaliyokwisha kuiva, inayapoza yenyewe inapata joto, ndo inafika kwenye moto. Na moshi ukitoka unapita kwenye matofali mabichi unayakausha kabla ya kupanda kwenye bomba. Joto linalopotea bure ni kidogo sana. Moto unazunguka duara wiki hadi wiki, na mbele yake watu wanapanga, nyuma yake watu wanapakua wakiwa ndani ya joto ambalo hata mgeni wa dakika tano akilifikiria tu anatoka jasho. Kigae na tofali hizo ndizo zilijenga mji uliopanuka. Ukisimama mle ndani utaelewa kwa nini nasema wakimbizi hawakuleta viwanda ila waliubadilisha mji wa viwanda: walikuwa wafanyakazi wa tanuri na wateja wa tofali kwa wakati mmoja.

Na ule utamaduni wa mjini wa tsipouro, kale kachupa kadogo ka pombe kali kanakoletwa na kisahani cha vitafunio vya baharini, ukiagiza kachupa ka pili kisahani kinabadilika, watu wa Volos watakwambia ni wakimbizi na wafanyakazi wa bandarini waliouanzisha wakitoka kazini. Hata kama hunywi nenda kwa ajili ya visahani.

Sasa turudi kwenye kalamu nyekundu. Kwa nini Volos na si Tanga. Dada au kaka yangu, usijaribu kujibu kwa kusema Wagiriki walikuwa wachapakazi au Watanga wavivu, hilo ni jibu la kikoloni na pia ni uongo. Na usijibu kwa kusema "ukoloni" neno moja ukanyamaza. Chukua zile nyenzo tulizotumia: ushuru, mteja, mwenye hela. Tanga ushuru ulipangwa na nani na kwa faida ya nani? Mkonge uliopandwa tangu miaka ya 1890 ulikuwa na mteja gani nyuma ya mji, au mteja wake wote alikuwa ng'ambo? Faida ya shamba la mkonge ililala Tanga au ilipanda meli? Kipuli kikivunjika kwenye mashine ya kukamua mkonge, fundi wa Tanga aliruhusiwa kufika wapi? Ukijibu hayo manne kwa ushahidi una sura nzima. Na kuna uzi wa kweli unaounganisha pande zote mbili: Wagiriki walikuja kufanya kazi ya ukandarasi kwenye reli za Wajerumani Tanganyika, wengi wao wakitokea kwenye ujenzi wa reli za Uturuki, na baadaye wakawa miongoni mwa wenye mashamba wakubwa wa mkonge. Usilazimishe kwamba walitoka Volos. Ila yule Mgiriki wa mkonge ni mtoto wa dunia ileile ya reli, tumbaku na kuhama.

Pia usiipambe Volos kupita kiasi. Bahati ya mpaka iliyoipa, mpaka uleule ukaichukua: 1912 na 1913 Thessaloniki na Kavala zikawa za Ugiriki, ghafla kuna bandari kubwa zaidi jirani, na reli ya Athens ilipounganishwa na kaskazini miaka ya Vita Kuu ya Kwanza, ngano haikulazimika tena kuteremka Volos. Mji uliendelea kukua kwa kasi iliyobaki na kwa wakimbizi, lakini upekee wake ulikuwa umekwisha. Matsangos na Tsalapatas vyote vilifungwa miaka ya 1970.

Ukiniuliza uandike vipi, naona njia mbili. Unaweza kuandika Volos peke yake, 1881 mpaka 1930 hivi, kwa kina, na Tanga ikabaki aya mbili mwishoni. Hii ni salama na kwa muda wako nadhani ndiyo utaimaliza. Au ulinganishe kweli kweli, sura kwa sura, na hapo ujue utahitaji nyaraka za pande mbili, Kijerumani upande mmoja Kigiriki upande mwingine. Ni kazi nzuri zaidi lakini kwa shahada ya pili ni nzito, na nimeona wanafunzi wanaishia na nusu mbili badala ya kitu kimoja. Mimi ningekushauri ya kwanza, ile ya pili uiweke kwa ajili ya PhD.

Kuna mahali ambapo mimi na maandishi haya hatutoshi, itabidi uende mwenyewe au umpate mtu pale. Usitegemee kuiona Volos ya 1910 barabarani, tetemeko la 1955 liliangusha sehemu kubwa ya mji, na kilichobaki zaidi ni viwanda, maghala na stesheni yenyewe, kwa hiyo ukitembea utapata picha kwamba watu hawakuwa na nyumba. Walikuwa nazo, zilianguka. Picha na ramani za kabla ya hapo utazipata kwenye kituo cha manispaa cha utafiti wa historia, watu wanakiita DIKI, na Makumbusho ya Mji wa Volos mtaa wa Palia. Waandikie mapema, eleza kwa ufupi unatafuta nini na miaka gani, usiseme "kila kitu kuhusu viwanda" maana hapo huwasaidii wakusaidie. Na magazeti na nyaraka nyingi za miaka ile zimeandikwa kwa kile Kigiriki cha vitabuni ambacho hata Mgiriki kijana wa leo anakisoma kwa shida, sembuse programu ya kutafsiri kwenye simu, inakupa sentensi zinazoeleweka lakini zenye maana isiyo sahihi. Hapo tafuta mwanafunzi wa historia wa Chuo Kikuu cha Thessaly, mkae naye meza moja, mlipe chochote hata kama ni chakula cha mchana, msome pamoja.

Na kabla hujaondoka mjini pita uwanja wa stesheni, tembea pembeni taratibu ukiangalia chini. Volos ndiyo ilikuwa na reli za vipimo vitatu zimelazwa kwenye njia moja: ile ya sentimita 60 ya mlimani, ya mita moja ya nyanda, na ile pana ya kawaida ya Ulaya iliyofika baadaye, 1960, walipobadilisha njia ya Larissa. Mabaki yake utayaona. Piga picha, uiweke ukurasa wa kwanza wa sura ya pili, halafu nitumie rasimu nisome.